Fundi Aliyezidisha Pigo Moja

Katika soko la Mayoni mafundi wa nguo walikuwa kadhaa, lakini ukisema "Fundi" peke yake, kila mtu alijua unamsema yeye. Si kwamba aliwashinda wenzake kwa mkono. Alishona vizuri, ndiyo, ila nguo yako uliipata siku aliyotaka yeye, na siku hiyo haikuwa siku ya arusi yako. Jibu lake kwa watu wote lilikuwa moja: "Njoo Alhamisi." Hakuwahi kusema Alhamisi ipi. Nilimpenda sana mwanamke huyu, na nitajitahidi mapenzi hayo yasinizuie kusema ukweli wake.

Mimi nilikuwa nikiuza chai na mandazi kwenye kibanda kilichoegemea baraza yake. Yeye alikuwa na cherehani chake cha kukanyaga, mimi na jiko langu, na kwenye benchi katikati yetu alikaa Msusi, mwanamke mpole aliyesuka vichwa vya nusu ya watu wa eneo letu la Matungu na kuyasikia yote yaliyotoka humo. Watu wa soko walituita bunge. Fundi hakulipenda jina hilo. Alisema bunge linaongea tu, sisi tunachunguza.

Kuchunguza ndiko kulikokuwa kazi yake hasa, na kushona kulimpa tu sababu ya kukaa barabarani. Alikuwa na njia yake ya kuhoji watu ambayo sijaiona kwa askari yeyote. Alikuita upimwe. Ukisimama, alikuambia uinue mikono, akapitisha futi kifuani, akaishika mgongoni kwa vidole viwili, halafu ndipo akauliza: "Na yule shemeji yako aliyehama, ni kweli alihama, ama alihamishwa?" Mtu aliyeinua mikono huku amefungwa futi hana pa kukimbilia. Wengi walisema yote kabla ya kufikiwa kiunoni.

Matokeo ya uchunguzi wake ni jambo jingine. Jogoo wa Msusi alipopotea, Fundi alisema mwizi akishaonja atarudi kwa majike, basi akatuamuru tumwage majivu kuzunguka kibanda cha kuku ili tupate nyayo. Asubuhi tulizikuta nyayo kweli, nzuri, zimekolea, zinakwenda na kurudi. Fundi aliinama akazisoma kwa muda mrefu. Akasema mwizi ni mwanamke, mnene kiasi, mguu wa kushoto anauburuta kidogo. Msusi akamtazama miguu. Fundi alikuwa amepita hapo alfajiri kuangalia kama mwizi amekuja. Jogoo mwenyewe alirudi siku hiyo hiyo akitokea shamba la miwa, na hakuonekana kujuta.

Kanisani kwake walikuwa na ngoma, na ngoma haikuwa rafiki yake. Alipiga makofi kwa moyo wote, lakini watu wote wakishamaliza, yeye alikuwa na moja lililobaki. Lilisikika peke yake kila Jumapili: pa. Nadhani ni ule mguu wa cherehani, ulizoea kukanyaga mara moja zaidi baada ya mshono kwisha. Kwaya ilimbembeleza aache kuimba abebe bendera, kwa sababu bendera hainaga sauti. Aliibeba kwa fahari na kutuambia amepandishwa cheo.

Alikuwa mtu wa kinyume kinyume. Aliwasema watu vibaya mchana kutwa, halafu mjane aliyekonda kwa majonzi akileta kitambaa, alimshonea gauni pana kidogo na kumwambia, "Nimekuachia nafasi ya kunenepa." Aliwachukia waongo kuliko wezi. "Uongo ni pindo la haraka," alikuwa akisema, "litafumuka mbele ya wageni." Siri hakuiweza kabisa. Ukitaka jambo lifike Mumias kabla ya adhuhuri, ulimwambia Fundi asimwambie mtu. Hakuwa mbaya, ila aliamini kwamba ukweli ni mali ya wote, na kuufungia ndani ni uchoyo.

Sasa nimseme Kukhu, maana bila yeye huwezi kumwelewa Fundi. Kukhu ni bibi kwa lugha yetu, na yule alikuwa bibi wa soko zima: mwanamke wa Kiislamu, mjane, mwenye watoto na wajukuu wengi na ulimi wa taratibu. Kila mtu alijua habari yake, kwa kuwa ilikuwa fupi. Zamani za wakoloni, mfanyabiashara mmoja wa Matungu aliyenunua ngozi kwa baiskeli alirudi safarini na mtoto wa kike amekaa juu ya mzigo wa ngozi. Alimlea kama binti yake, akampa jina na dini, akamwoza vizuri. Alipoulizwa mtoto ametoka wapi, alisema tu, "Nimepewa." Alifariki bila kuongeza neno. Njia zake zilikuwa nyingi: Malava, Lugari, hata ng'ambo huko kwa Wabukusu. Kukhu mwenyewe alikuwa mdogo mno. Hakukumbuka mto, wala mlima, wala jina la mama.

Siku moja alikuja kupimwa gauni. Alikuwa ametoka matangani kwa jirani, na huko ameona watu wa kwao marehemu wakiingia. Mwanamke akifa kwetu, mume na watoto hawatoshi. Sharti waje watu wa alikozaliwa, waingie wakilia kutoka langoni, wapewe mahali pao pa kukaa, waulizwe kama binti yao alitunzwa. Mwislamu, Mkristo, sote tuna damu hiyo moja. Kukhu alisimama mikono juu, na Fundi kabla hajauliza lolote, yeye ndiye akauliza.

"Fundi, mimi siku yangu ikifika, nani atanililia kwa upande wangu?"

"Kukhu, na watoto wote hao?"

"Hao ni upande wa baba yao. Nasema upande wangu mimi. Watakuja waangalie, wakute ukuta."

Fundi aliiachia futi. Sikuwahi kumwona akiiachia futi mtu akiwa bado hajasema kitu. Akamwambia, "Tutawatafuta." Akasema "tutawatafuta," nami nikiwa nimeshika birika, bila kuulizwa kama nina nafasi.

Uchunguzi ulianza na kuku. Fundi aligundua kwamba Kukhu hajawahi kula ingokho, huyo kuku wetu, maishani, hata Idi, hata akiwa mgonjwa. Akatuita mimi na Msusi akanong'ona kama mtu aliyeokota dhahabu: huo ni mwiko wa ukoo. Tutafute ukoo usiokula kuku, tutakuwa tumemaliza. Nilimwambia Mluhya asiyekula kuku hata Mungu angeshangaa kumwona. Hakunisikia. Tulifunga kazi zetu tukaenda Malava, na pale kando ya barabara tukamkuta mama mzee sana akiuza ndizi. Fundi akamwamkia kwa heshima zote, akamweleza kisa, akamwuliza kama amesikia ukoo wa namna hiyo.

Yule mama alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda chake. "Mwanangu," akasema, "hata mimi sikulanga. Mama yangu hakulanga. Siku zile mwanamke hakulanga ingokho. Sisi tulikuwa tunapika, wanaume wanakula, wanatuambia ni mila."

"Wanawake wote?" Fundi akauliza.

"Wote. Mlijulia wapi kazi hii ya upelelezi, nyinyi?"

Tulirudi Mayoni. Tulipokaribia nyumbani Fundi akasema hatukupoteza siku, tumepunguza koo. Nikamwuliza tumebakiza ngapi. Akasema zote, lakini sasa tunajua.

Kitu cha maana kilitokea wakati wa mvua. Kukhu alikuwa na kichuguu nyuma ya nyumba yake, na kumbikumbi wakikaribia kutoka hakukubali mtu mwingine awaite. Mnajua inavyofanywa: unafunika kichuguu kwa fito na blanketi, unaacha mlango mdogo na shimo la kuwanasa, halafu unapiga ubao kwa vijiti viwili ili wadhani mvua imerudi. Watoto ndio hupewa kazi ya kupiga, tangu wakiwa hawajui hata kufunga kifungo, na kila nyumba ina mpigo wake. Kukhu alipiga mpigo ambao Mayoni hatukuwa nao. Tatu za haraka, kimya kidogo, mbili za pole, basi. Nilikuwa nimepeleka chai, Fundi alikuwa ameenda kuomba kumbikumbi. Akauliza amejifunzia wapi.

"Sijui," Kukhu akasema. "Mikono yangu ilikujanga nayo."

Hapo hata mimi nilisisimka. Yule baba wa ngozi hakuwa na kichuguu, na mke wake alitoka mjini Mumias na kumbikumbi aliwaogopa. Mpigo ule ulitoka kwao Kukhu. Kilichobaki ni kutafuta nyumba inayoupiga.

Na hapa ndipo Fundi alipofanya kosa lake kubwa, kosa ambalo alilifanya kwa bidii. Aliusambaza ule mpigo. Kila mteja aliyekuja, alimgongea kwa mkasi juu ya meza ya cherehani: "Umesikia hii mahali?" Aliwapigia walimu, wakata miwa, wauza vitunguu. Kila alipokwenda kuuza sare kwenye masoko ya mbali, Malava, Mautuma, aligonga huko pia. Watoto wa Mayoni wakaupiga kwenye mitungi. Na kwa kuwa alikuwa yeye, aliupiga vibaya: tatu za haraka, kimya, mbili za pole, halafu ile moja yake ya mwisho. Pa.

"Fundi, umezidisha," nilimwambia.

"Wapi?"

"Mwishoni."

Akapiga tena, akazidisha tena, akaniuliza kama sasa ni sawa. Msusi alishika mikono yake akamfundisha kama mtoto. Akamwachia, pa. Tukaacha.

Mvua za pili zilipoingia, muuza vitunguu mmoja alikuja mbio karibu aangushe sufuria yangu. Mautuma kuna mzee anaujua ule mpigo. Anasema ni wa mama yake. Anasema alikuwa na dada.

Tulikwenda sisi watatu, Fundi, Kukhu na mimi, na Msusi akabaki kutuangalizia kazi. Mzee alikuwa akitungoja langoni, amevaa koti zito kwenye jua. Alitusimulia akiwa bado amesimama. Baba yao alikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu siku zile, wakiishi kambini. Mama alikufa. Watoto walikuwa wengi, na yule mdogo wa kike hakuachaga kulia. Siku moja yeye alitumwa kuchunga ng'ombe wa bwana, na aliporudi mtoto hakuwepo. Baba alisema amepewa mtu mwema. Hakusema nani.

"Nirimtafuta," mzee akasema. Ulimi wake ulibadilisha L kuwa R, kama wengi wetu. "Nirikuwa mdogo, lakini nirimtafuta. Nirikuwa nauliza kila mwenye baiskeri."

Kukhu alikuwa akimtazama bila kupepesa. Mke wa yule mzee, mama mrefu mwenye aibu, alituletea chai na viazi, kisha wakatupeleka nyuma ya nyumba. Kichuguu kilikuwa tayari kimefunikwa blanketi. Mzee akachuchumaa kwa taabu, akachukua vijiti, akapiga ubao. Tatu za haraka. Kimya. Mbili za pole.

Pa.

Huo haukuwa mpigo wa Kukhu. Huo ulikuwa mpigo wa Fundi, na kosa lake ndani, umetoka kwenye mkasi wake sokoni hapo Mautuma ukamfikia mzee huyu aliyetafuta maisha yake yote, naye akaupokea akasema ni wa mama yake. Hakuwa akidanganya. Ungemwona uso ungejua. Alikuwa anamkumbuka mama yake kwa kitu tulichomletea sisi.

Nilimgeukia Fundi. Alikuwa amesikia. Mtu ambaye hakusikia kosa hilo kwa mkono wake mwenyewe hata siku moja, alilisikia kwa mkono wa mwingine. Kinywa kilifunguka. Nilimjua miaka mingi, nilijua kinachofuata: ukweli ulikuwa unapanda kooni mwake kama kawaida, na hajawahi kuumeza.

Kukhu ndiye aliyetangulia. Alikunja leso yake, akapiga magoti kando ya mzee kwenye udongo uliolowa, akasema, "Kaka, nipe na mimi kijiti kimoja."

Wakapiga pamoja. Tatu za haraka, kimya, mbili za pole, na Kukhu, ambaye mikono yake haikuwahi kukosea tangu utotoni, akaiongeza ile ya mwisho. Akaiongeza na safari ya pili, na ya tatu. Mzee alikuwa analia waziwazi, akipiga huku analia. Na kumbikumbi wakatoka. Walitoka wengi sana, wakaanguka shimoni, kwa mpigo usio wa mtu yeyote. Nilicheka na machozi yakanitoka, sikujua kipi ni cha nini.

Fundi alifunga kinywa.

Kesho yake tulipofungua kazi, aliniambia bila kuinua kichwa, "Mama Chai, jana ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ulisikia kumbikumbi."

"Ndiyo, Fundi. Nilisikia kumbikumbi."

Hatukurudi tena kwenye jambo hilo, hata kwa Msusi, na ninyi mnaojua soko mtaelewa ni mzigo wa namna gani. Kukhu alipita baadaye kuchukua gauni lake, ambalo halikuwa tayari. Akamwambia Fundi, "Sasa pumzika. Nimepata." Alisema hivyo akimtazama usoni, na Fundi akajibu, "Njoo Alhamisi." Hiyo ndiyo mara pekee niliyoona gauni likiisha Alhamisi iliyofuata.

Watu walimsifu. Habari ilizunguka, akaitwa mpelelezi, wakaja wengine wenye ng'ombe waliopotea na waume waliopotea. Mwanamke aliyependa sifa kuliko sukari, akisifiwa kwa hilo alianza kutafuta sindano iliyokuwa mkononi mwake. Hata mkasi wake ulinyamaza. Mzee wa Mautuma alikuja Idi kwa dada yake, Kukhu akaenda Krismasi kwa kaka yake. Kukhu aliletewa mahindi, kaka akarudishiwa sukari guru. Ukiwakuta wamekaa pamoja wakibishana kama mama yao alikuwa mweupe au maji ya kunde, ungesema hawa wamegombana tangu tumboni.

Miaka ikaenda. Mimi nilihamishia biashara yangu Mumias mjini. Macho ya Fundi yakachoka, akampa mkaza mwanawe cherehani, nikawa simwoni isipokuwa kwa nadra. Mwaka jana, mvua zikianza, nikapigiwa simu kwamba Kukhu amefariki.

Nilifika kabla ya maziko. Kwetu Matungu Waislamu hawaweki maiti, huzika siku hiyo hiyo, lakini wajukuu walikuwa wamemwomba imamu asubiri mpaka alasiri, watu wa kwao wako njiani. Ndani wanawake tulikaa kwenye mikeka, tukinong'ona dua, na mkeka mmoja karibu na mlango umeachwa wazi kwa ajili ya watu wa kwao. Fundi nilimkuta katikati ya wenyeji, amejifunga mtandio kwa namna yake ya kanisani, ametoka kwake ng'ambo ya barabara tangu asubuhi, na kila mtu alikuwa amemwona akivuka kwa fimbo. Alizeeka. Alinishika mkono akaniambia nimekonda.

Muda ulikuwa umekwisha kabisa tulipowasikia langoni. Mzee wa Mautuma alibaki nje kwa wanaume. Mkewe aliingia na wasichana wawili tu, akilia kwa sauti kubwa kuanzia nje, kwa mtindo wa kwetu wa zamani, akimwita dada ya mume wangu, mama ya Mautuma, umeniacha na nani. Wakakaa kwenye ule mkeka, watatu kwenye mahali pa watu kumi, hawajui wavue viatu au wasivue, na sauti yao ikawa inapungua.

Mama mmoja wa mjini, mgeni wa familia, aliyevaa vizuri, akauliza kwa sauti ambayo haikuwa mbaya, ila ilifika mbali: "Hawa nao ni akina nani? Si nilisikia marehemu hakuwa na kwao?"

Yule mama wa Mautuma aliinamisha uso.

Fundi akashika fimbo yake akainuka. Ilimchukua muda, tukangoja. Akavuka chumba, akapita katikati ya miguu ya watu, akateremka taratibu kwenye mkeka wa mlangoni, akajipanga kando ya yule mama.

"Huyu ni wifi yake Kukhu," akasema. "Wale ni wajukuu zake wa kwa kaka. Kaka yuko nje."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nimekuja nao," Fundi akasema.

Hakuna aliyecheka. Msusi, aliyekaa kando yangu, alinitazama, nikamtazama. Tukabeba viatu vyetu tukahamia kule, mkeka ukaanza kujaa.